Mzigo Mzito, Mpe Nani?

Pwani husemwa kuwa mzigo mzito mpe Mnyamwezi, na husemwa kwa kicheko. Kariakoo nimeisikia methali hii tangu nikiwa mdogo: gunia limekwama ngazini, kila mtu anageuza uso, kisha mmoja anapaza sauti kumwita Mnyamwezi, na Mnyamwezi anakuja, naye anacheka, anainama, anabeba. Ni utani wa Wazaramo na Wanyamwezi, utani uliozaliwa njiani, misafara ya karne ya 19 ilipokuwa ikishuka Bagamoyo na watu wa bara wakaishi kwa muda miongoni mwa watu wa pwani. Umri ulipoanza kunidai hesabu, nikajikuta naitafakari methali ile kuliko hotuba yoyote niliyowahi kuisikia. Inataja mzigo na inamtaja mbebaji. Haisemi mzigo ni wa nani, wala unapelekwa wapi, wala kwa nini mtu mwenye akili timamu akubali kujitwika. Kwangu mimi hayo ndiyo maswali yenyewe ya maisha, basi nikakata tiketi ya kwenda ilikotoka.

Nilipandia treni Dodoma, ile ya reli ya zamani waliyoijenga Wajerumani, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kwa sehemu kubwa inaandamana na njia ya misafara, na ndiyo iliyoiua njia hiyo. Ukishapita Manyoni na Itigi unaingia kwenye kichaka kizito ambacho wasafiri wa zamani walikiita Mgunda Mkali. Hapo maji yalikuwa haba na chakula hakuna, na wapagazi walikaza mwendo hata jua la mchana ili wavuke upesi. Wapelelezi Burton na Speke walitumia siku 134 kutoka pwani mpaka Kazeh, makazi ya wafanyabiashara wa Kiarabu ambayo leo yamemezwa na mji wa Tabora; walifika Novemba 1857. Sisi tulilala tukiwa Ugogo tukaamka Unyamwezini. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu akaniamkia, "Mwangaluka," akanikatia kipande cha muhogo bila kuuliza mimi ni nani.

Wapagazi waliotembea chini ya dirisha lile, kwa mguu, walibeba ratili 70 kila mmoja, yaani kilo 30 na ushei, bila kuhesabu mkeka, chungu, silaha na posho yao wenyewe. Kwenda bara walibeba vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, na masango ya shaba. Kurudi pwani walibeba pembe. Jino kubwa la tembo lilifungwa kwenye mti na kubebwa mabegani na watu wawili. Mbele alitangulia kirangozi na bendera, kichwani manyoya, nyuma yake ngoma. Wengi wao hawakuwa watumwa. Walikuwa watu huru waliopatana ujira, wakaondoka kiangazi na kujitahidi warudi kabla ya mvua za kulima. Unyamwezini kijana ambaye hajaiona bahari alihesabiwa kuwa bado mtoto.

Sokoni Tabora nilimtazama kijana akifunga mzigo kwenye baiskeli, na nadhani nilisimama pale zaidi ya ilivyo adabu. Madumu ya asali, manne ya manjano, ya lita ishirini, yanakwenda kwa mwenyewe upande wa pili wa mji. Kwanza aliweka mawili ubavuni, akayatikisa, akasikiliza. Moja lilikuwa halijajaa sawasawa na asali ilikuwa inacheza ndani. Akalihamisha likakaa chini, karibu na ekseli. Akavuta mpira uliokatwa kutoka tyubu kuukuu, akauzungusha mara ya kwanza ukalegea, akaufungua wote akaanza upya. Hakuna aliyekuwa akimsimamia. Nilipomuuliza kwa nini asiuache ule wa kwanza, maana ulionekana umeshika, alinijibu huku akiwa amebana ncha ya mpira kwa meno: "Mzee, asali si yangu. Ikimwagika ya kwangu nitailamba. Hii nitamwambia nini mwenyewe?"

Kutoka pale nilikwenda Kwihara, kilomita chache kusini-magharibi mwa mji, barabara ya vumbi katikati ya miembe. Tembe liko pale limejengwa upya: kuta nene za udongo mwekundu, paa bapa, ua wa ndani, mlango wa nakshi, na ndani ramani na nakala za barua. Ndimo wapelelezi Stanley na Livingstone walimofikia Februari 1872 wakitoka Ujiji. Stanley aliondoka Machi 14 kurudi pwani kuajiri watu. Livingstone akabaki anasubiri. Machi, Aprili, Mei, Juni, Julai. Watu 57 walipowasili Agosti, aliondoka nao tarehe 25 kwenda kutafuta chimbuko la Mto Nile mahali ambapo halikuwepo, na hakurudi akiwa hai.

Makala nyingi za Kwihara huishia kwake. Mimi iliyonipeleka ni Oktoba ya mwaka uliofuata.

Livingstone alikutwa amekufa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Pale kitandani pake palisimama watu wa safari yake, wakiwemo Susi wa Shupanga, na Chuma, Myao aliyeokolewa utumwani mwaka 1861 akiwa mtoto. Alikuwepo pia Jacob Wainwright, Myao mwingine aliyeokolewa baharini na kusomeshwa Nasik huko India, mmoja wa wale waliotumwa na Stanley. Wangeweza kumzika hapo na kurudi kwao, nani angewalaumu? Walikata shauri wampeleke kwa ndugu zake. Waliuzika moyo na matumbo chini ya mti, Jacob akasoma sala ya maziko, akachonga maandishi kwenye shina. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani wiki mbili, wakauviringisha kwenye kitambaa, wakaubandulia mti gome zima wakautia ndani kama wafugaji nyuki wa Tabora wanavyotengeneza mzinga. Kisha wakautwika.

Oktoba walifika hapa. Chuma alitangulia na barua iliyoandikwa na Jacob. Ndani ya Unyanyembe, nchi hii ya Tabora, walimkuta Luteni Cameron wa jeshi la majini la Uingereza, ambaye alikuwa ametumwa kumsaidia Livingstone, naye hoi kwa homa. Aliwashauri wamzike palepale. Ulikuwa ushauri wa mtu mzima anayewahurumia: mbele kuna Ugogo na hongo zake, na hakuna kijiji kitakachoruhusu maiti ipite. Yeye alikuwa ofisa, Mwingereza, mtu wa nchi ya marehemu. Kwa sheria yoyote ya dunia ile, neno lake lilitosha kuwatua.

Walikataa. Kwa heshima, lakini walikataa.

Hofu ya Cameron ilikuwa ya kweli. Walipofika Kasekera, wenyeji walizuia njia kwa sababu ya ile maiti. Chuma na wenzake wakabuni hila: walikata mabua ya mtama, wakayafunga kwa kitambaa yakawa na umbo la mtu anayekwenda kuzikwa, wakawatuma wenzao kurudi nayo kuelekea Unyanyembe mchana kweupe ili kila mtu aone. Usiku ulipoingia wale wenzao wakayatawanya mabua porini, wakarejea mmojammoja. Mwili wenyewe ulikuwa umeshafungwa upya kama robota la nguo, mzigo wa kawaida kabisa kati ya mizigo mingine. Bagamoyo waliufikisha Februari 1874, miezi tisa tangu kifo. Walilipwa mishahara yao, wakaambiwa basi. Aliyesafiri na jeneza mpaka Uingereza ni Jacob peke yake. Susi na Chuma walifika baadaye, maziko ya Westminster Abbey ya Aprili 18 yakiwa yamekwisha pita. Chama cha Jiografia cha huko kiliwatengenezea nishani, na ilipokuja wengi wao walikuwa wametawanyika.

Nilikaa kwenye kivuli nje ya tembe nikijiuliza walipata nini. Sifa hawakupata, mali hawakupata, na marehemu hakuwa na uwezo tena wa kuwashukuru wala kuwafukuza kazi. Mkataba ulikufa naye. Hapo ndipo naona jambo ambalo watu wanaozungumzia maisha yenye maana hulipita haraka. Tumezoea kuuliza nataka nini, ndoto yangu ni ipi, nitaacha jina gani. Viktor Frankl, daktari wa Vienna aliyenusurika kambi za Wanazi, alifundisha kuwa swali tunaligeuza kichwa chini: maisha ndiyo yanayomuuliza mtu, na mtu hujibu kwa kuyabeba yaliyo mbele yake. Susi hakuichagua Mei ile. Iliwekwa miguuni pake. Naamini kwamba kipimo cha maisha mema kiko karibu zaidi na amana kuliko na mafanikio: umekabidhiwa nini kisicho chako, na umekifikisha?

Lakini siwezi kuishia hapo, kwa sababu njia hii hairuhusu. Njia iliyopitisha gome la Chitambo ndiyo iliyopitisha watu wamefungwa minyororo. Mwaka uleule wa 1873, wakati Chuma na wenzake wakiwa njiani, Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Pembe zilizobebwa kwa uaminifu mkubwa zilikuwa na damu ya tembo na mara nyingi ya binadamu. Mfanyabiashara Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na maskani hapa Tabora, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili miaka michache kabla ya kufariki mwaka 1905, na ni kitabu ninachokiheshimu kwa lugha yake. Kimejaa frasila za pembe, bei, mikopo iliyolipwa, vita alivyoshinda. Alikuwa mwaminifu kwa wadai wake kiasi cha kustaajabisha. Mali ya Wahindi waliomkopesha ilifika. Waliovunjiwa vijiji ili ifike, na waliotwikwa ili ifike, karibu hawaonekani katika kurasa zile. Kufikisha amana peke yake, basi, si wema. Mwizi naye hufikisha.

Kisha ipo mizigo ambayo mtu hakuulizwa. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliiteka Tabora kutoka kwa Wajerumani, na kila upande katika Vita Kuu ile ya Kwanza ulikwenda kwa miguu ya wabebaji wa kulazimishwa, makumi ya maelfu yao wakifa kwa njaa, kuhara na uchovu. Kariakoo, ambako nilikulia nikicheka methali yangu, imepewa jina na kikosi cha wabebaji hao. Haiwezekani kumwambia mtu aliyekamatwa shambani na kufungwa kamba kwamba maana ya maisha ni kubeba vizuri.

Hapa ndipo Wanyamwezi wenyewe walinifunza kitu ambacho methali imekificha. Vitabu vya wasafiri wa Kizungu vimejaa manung'uniko juu ya wapagazi: wanagoma, wanatoroka, wanakataa mzigo uliozidi, wanadai posho kwanza. Stanley alitumia viboko na minyororo kuwazuia. Ukiyasoma malalamiko yale kutoka upande wa pili, unaona watu waliokuwa na kipimo. Aliyepunjwa posho alitua mzigo akaenda zake. Aliyeongezewa juu ya kilichokubaliwa aliugeuza, akautazama, akaukataa. Mpagazi alijua kutwika na alijua kutua, na vyote viwili vilikuwa heshima yake. Sisi wa leo tunasifu cha kwanza tu. Nilimfahamu dada mmoja hapa nchini aliyejitwika kazi, ukoo, kwaya na wagonjwa wa watu wengine mpaka mgongo wa roho ukavunjika, na kila mtu msibani akamsifu kwamba hakuwahi kusema hapana. Sifa ile iliniuma.

Na nyuma ya kila mpagazi aliyekwenda pwani kulikuwa na nyumba isiyolala. Kiangazi kizima wanawake walibaki na watoto, wazee na ghala. Wengine walisafiri na msafara wenyewe. Katika safari ile ya Chitambo alikuwemo Halima, mpishi wa Livingstone. Hadithi nyingi humtaja kwa mstari mmoja kisha humwacha, nami ningetoa vitabu vingi vya wapelelezi kwa daftari moja ambalo Halima angeliandika.

Mjini nilipita pia mahali TANU ilipokutana Januari 1958, mkutano ambao wazee bado wanauita Uamuzi wa Busara. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wengi walitaka kususa, na walikuwa na haki ya kukasirika. Nyerere, aliyesoma Tabora na kufundisha hapa, aliwashawishi waingie wakiwa na uchungu wao. Zuberi Mtemvu alikataa, akaondoka na kuanzisha chama chake. Simwoni Mtemvu kuwa mpumbavu. Mmoja aliutazama mzigo ule akaona unafika, mwingine akaona umezidi. Wote wawili walikuwa wakifanya kazi ya mpagazi.

Kutoka Tabora nilishika basi kwenda Urambo, nchi ya Mtemi Mirambo, aliyewafungia Waarabu njia mwaka 1871 na kufa Desemba 1884 akiwa na dola kubwa ambayo haikudumu bila yeye. Kilomita kadhaa ni tumbaku na miombo. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walileta matrekta hapa kulima karanga kwa ajili ya Ulaya, wakatumia fedha nyingi, wakaondoka karibu mikono mitupu. Na huku Urambo ndiko alikoishia Jacob Wainwright. Aliyepokelewa London na jeneza, aliyekuwa na Kiingereza kizuri na jina magazetini, alimaliza siku zake akifanya kazi kwenye misheni ya hapa, akafariki mwaka 1892. Watu huandika mwisho wake kama anguko. Mimi nilipofika sikuweza kuliona hivyo. Alirudi kwenye njia aliyoijua, akafanya kazi iliyokuwepo.

Mwenyeji wangu Urambo alikuwa mstaafu wa reli, mzee wa miaka sabini na kitu, mweka hazina wa kikundi cha kuzikana cha mtaa wake. Sanduku la chuma liko chini ya kitanda, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na daftari la jalada gumu ambalo mistari yake ameichora kwa rula. Michango, rambirambi, sanda, mbao, sukari ya msibani. Macho yamemchoka, akaniomba nimsomee ukurasa wa mwezi ule ili ahakikishe jumla. Nilisoma majina. Kwenye jina moja palikuwa na miezi mitatu mitupu. Nikauliza kama niandike deni.

"Usimwandike. Mkewe yuko Kitete, kalazwa. Weka alama hapo pembeni, nitamtolea mimi mpaka atakapotengemaa."

"Na akiwa hakurudisha, baba?"

"Basi nitakuwa nimetoa." Akatafuta miwani iliyokuwa kichwani pake. "Lakini yule wa chini yake, huyo mwandikie. Ana duka mbili, anatuchezea."

Nilimwuliza kama miaka yote hiyo hakuwahi kushawishika, na fedha za watu ziko chini ya kitanda chake. Hakuudhika. Alisema mwaka mmoja mwanawe alikosa nauli ya kwenda kuanza kazi Mwanza, na sanduku lilikuwa limejaa. Usiku kucha hakulala, na asubuhi akawapelekea wenzake wawili ufunguo wake akawaambia wamkalie nao wiki moja. Kijana akauza mbuzi wake akaenda.

Kisha akanigeuzia swali. "Na wewe, mwanangu, huko Dar es Salaam umeshika nini cha watu?"

Nikamwambia nina watoto wawili wa marehemu dada yangu, yuleyule aliyesifiwa msibani, na mkubwa anaanza kidato cha kwanza Januari, shule ya bweni. Mzee akalifunga daftari la kikundi, akavuta karatasi tupu, akataka kujua godoro, sanduku, sare, viatu na nauli. Nilipotaja bei ya godoro alishtuka, akasema nimepigwa, na kwamba mjini Urambo angenipatia la nusu ya bei na kulipakia kwenye treni yeye mwenyewe. Tukaanza upya, kitu kimoja kimoja, yeye akitaja na mimi nikiandika.